Eldoret: Bohari la mafuta katikati ya vita vya majirani

BOMBA la mafuta linaloanzia Mombasa lina ncha mbili upande wa magharibi mwa Kenya: Eldoret na Kisumu. Petroli, dizeli na mafuta ya taa yakishafika hapo hayana bomba jingine la kuyapeleka mbele. Hupakiwa kwenye malori, na malori hayo ndiyo yanayoonekana usiku na mchana yakipita Maili Nne, Jua Kali na Turbo kuelekea Webuye, Bungoma na mpaka wa Malaba. Ng'ambo ya mpaka huo, Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo na Sudan Kusini huyasubiri.

Mkazi wa mtaa wa West Indies mjini Eldoret, au wa Langas, au wa Huruma, huyaona malori hayo tangu utotoni hadi akayazoea. Ni rahisi kudhani kwamba hiyo ni biashara kama biashara ya mahindi au maziwa. Lakini kwa muda wa miaka 50 hivi, karibu kila mzozo mkubwa uliohusu mafuta katika eneo hili, na mingine ya mbali kabisa, umeufikia mji huu kwa njia moja au nyingine. Mara nyingine umefika kama bei kwenye kituo cha mafuta, mara nyingine kama barabara iliyofungwa kwa mawe, na mara nyingine kama mradi uliotangazwa kwa shangwe kisha ukatoweka.

Makala haya yanaeleza uhusiano huo: jinsi siasa za mafuta, vita na harakati za kudai haki ya tabianchi zinavyofungamana. Haki ya tabianchi, kwa ufupi, ni dai kwamba waliochafua anga zaidi ndio wanaopaswa kubeba gharama kubwa zaidi, na kwamba wanaoumia bila kuchafua wasiachwe pekee yao.

Mafuta kama silaha, 1976

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na kwa miongo mingi mafuta ya Uganda yalipitia hapo yakiwa kwenye mabehewa na malori. Mnamo Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikapunguza mafuta zilizokuwa zikiuza, na katika muda wa miezi michache bei ya pipa duniani ikapanda takriban mara nne. Mwaka huo huo Kenya iliunda shirika la Kenya Pipeline (KPC). Bomba la kwanza, la kutoka Mombasa hadi Nairobi, lilianza kazi mwaka 1978.

Kabla bomba hilo halijakamilika, Kenya ilikuwa imeshagundua nguvu ya kuwa mlango wa mafuta. Mnamo Februari 1976 Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa mali ya nchi yake. Dai hilo halikuzuka hewani. Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ambao ndani yake mlikuwa na nyanda za Uasin Gishu, ulihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki na Waingereza mwaka 1902. Kwa hesabu ya Amin, basi, Eldoret ilikuwa Uganda.

Mwezi Julai mwaka huo makomando wa Israeli waliwaokoa mateka katika uwanja wa ndege wa Entebbe, na ndege zao zikajaza mafuta Nairobi zikirudi kwao. Amin alighadhibika, na Wakenya wengi waliokuwa wakiishi Uganda wakauawa. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilijibu kwa kuzuia mafuta yasivuke mpaka. Jeshi la Uganda lilijikuta na vifaru na ndege ambazo haziwezi kwenda mbali. Agosti, nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano, na madai ya ardhi yakafifia. Vita havikupiganwa. Ni mara chache katika historia ya kanda hii ambapo mfereji wa mafuta umefanya kazi ya jeshi kwa wazi namna hiyo.

Bomba la Gaddafi

Bomba lilifikishwa Eldoret na Kisumu mwaka 1994, likipitia Nakuru na kugawanyika Sinendet. Mwaka uliofuata Kenya na Uganda zilikubaliana kuliendeleza hadi Kampala, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Miaka ilipita. Hatimaye mwaka 2006 kandarasi ilipewa Tamoil, kampuni ya serikali ya Libya. Kanali Muammar Gaddafi alikuwa na ndoto kubwa za Afrika na fedha za mafuta za kuzigharimia, naye Rais Yoweri Museveni alikuwa rafiki yake wa siku nyingi.

Ujenzi uliahirishwa tena na tena. Mwaka 2011 uasi ulizuka Libya, ndege za NATO zikaingia, na Oktoba 20 mwaka huo Gaddafi akauawa. Mwaka 2012 serikali za Kenya na Uganda zilikatiza mkataba na Tamoil. Kwa hiyo, vita vilivyopiganwa Sirte na Misrata vilichangia kuyaacha malori barabarani kati ya Eldoret na Malaba. Mwaka 2025 viongozi wa nchi hizo mbili walilizungumzia tena hadharani wazo la kulifikisha bomba Kampala.

Januari 2008

Wakazi wa Eldoret hawahitaji kukumbushwa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Tume ya Jaji Philip Waki iliorodhesha vifo 1,133 kote nchini. Kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa Januari 1, 2008 likiwa na watu waliotafuta hifadhi humo, wengi wao wanawake na watoto. Yaliyoandikwa kuhusu siku hizo ni mengi, na hapa tutagusia upande mmoja tu ambao haukuzingatiwa sana wakati ule.

Barabara zilifungwa kwa mawe na magogo kutoka Timboroa na Burnt Forest hadi Turbo. Jijini Nairobi, vijana waling'oa reli mtaani Kibera. Mafuta hayakuweza kutoka. Katika muda wa siku chache, vituo vya Kampala vilikauka na bei zikaruka. Rwanda ililazimika kuwagawia wenye magari kiasi maalumu. Nchi ambazo hazikuwa na mgombea wala debe katika uchaguzi wa Kenya zilisimama kwa sababu ya kura zilizohesabiwa Nairobi. Uganda iligundua pia kwamba akiba yake ya mafuta ilikuwa haitoshi kitu, na tangu hapo wazo la kutafuta njia mbadala kupitia Tanzania likapata watetezi wapya.

Siasa za mafuta zina upande mwingine ambao haufiki kwenye vikao vya marais. Januari 31, 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, kwenye barabara hii hii ya Nakuru kuelekea Eldoret. Watu walikimbilia kuteka mafuta kwa mitungi na ndoo, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafariki. Septemba 2011 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba katika mtaa wa mabanda wa Sinai, Nairobi, na wengine takriban 100 wakateketea. Huko Thange, Kaunti ya Makueni, uvujaji uliogunduliwa mwaka 2015 uliharibu maji ya mto na mashamba. Iliwachukua wakazi miaka kumi tangu uvujaji huo kupata uamuzi wa mahakama wa kulipwa fidia. Wanaharakati wa mazingira hupenda kutumia mifano ya Niger Delta, na wana haki, kwani Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane walinyongwa Nigeria mnamo Novemba 10, 1995 kwa sababu ya harakati zao katika ardhi ya Waogoni. Lakini msomaji wa Kenya hahitaji kwenda mbali hivyo.

Turkana: mafuta chini, ukame juu

Machi 26, 2012 serikali ilitangaza kwamba kampuni ya Tullow imepata mafuta katika kisima cha Ngamia-1, bonde la Lokichar, Kaunti ya Turkana. Majuma machache tu kabla ya hapo, Machi 2, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuwa wamekutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET, wa bandari, barabara, reli na bomba. Ilionekana kana kwamba kila kitu kinakwenda sambamba.

Turkana ilikuwa, na bado ni, miongoni mwa kaunti maskini zaidi nchini. Wafugaji wake wameishi kwa miongo mingi na bunduki za magendo zilizotoka katika vita vya Uganda, Sudan na Somalia. Mipaka baina yao na Wapokot haijawahi kutulia, na mafuta yalipopatikana karibu na mpaka huo, ardhi ambayo hapo awali iligombewa kwa ajili ya malisho na maji ilipata thamani ya aina nyingine. Baadhi ya askari wa akiba waliopewa bunduki na serikali ili wawalinde wanavijiji waliajiriwa kulinda mitambo na misafara ya wachimbaji. Mishahara ilikuwa mizuri. Mifugo ya vijijini ikabaki bila mlinzi.

Oktoba 2013 wakazi waliandamana hadi kwenye visima wakidai kazi na kandarasi, na uchimbaji ukasimamishwa kwa muda. Mzozo kuhusu mgao wa mapato ulichukua muda mrefu zaidi. Sheria ya Petroli iliyotiwa saini mwaka 2019 iliwapa serikali ya kitaifa asilimia 75, kaunti asilimia 20 na jamii ya eneo husika asilimia tano. Mapendekezo ya awali yalikuwa yamewatengea wakazi asilimia 10.

Juni 3, 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua safari ya malori ya kwanza ya mafuta ghafi. Njia yake ilikuwa kutoka Lokichar kupitia Kapenguria, Kitale, Eldoret na Nakuru hadi kwenye matangi ya kiwanda cha zamani cha kusafishia mafuta cha Changamwe, ambacho kilikuwa kimeacha kusafisha mafuta tangu 2013. Kwa mara ya kwanza, basi, mafuta yalipita Eldoret yakielekea baharini badala ya kutoka huko. Kabla mwezi haujaisha, wakazi wa Lokichar waliyazuia malori. Lalama yao kuu haikuwa mazingira. Walisema wanauawa na majangili ilhali serikali inawapa malori ulinzi ambao vijiji vyao havijawahi kuuona. Malori yalisimama kwa majuma kadhaa hadi mapatano yalipofikiwa.

Mnamo Agosti 26, 2019 meli iliondoka Mombasa na shehena ya kwanza ya mafuta ya Kenya, iliyonunuliwa na kampuni ya ChemChina. Serikali ilitaja mapato ya takriban Sh1.2 bilioni. Miezi mitatu baadaye mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha. Usiku wa kuamkia Novemba 23 maporomoko ya ardhi yaliangamiza makumi ya watu katika Kaunti ya Pokot Magharibi, na barabara ambayo malori ya mafuta yalikuwa yakiitumia ikakatika. Usafirishaji ulisimama, na mwaka 2020 mpango huo wa majaribio ukafungwa.

Baada ya mvua ulikuja ukame. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa katika Pembe ya Afrika. Mamilioni ya mifugo walikufa, Turkana ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi kwa upande wa Kenya. Aprili 2023 wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walitoa hesabu yao: joto lililosababishwa na binadamu lilifanya ukame wa aina hiyo uwezekane angalau mara 100 zaidi ya ambavyo ungewezekana bila joto hilo. Afrika nzima, yenye karibu asilimia 18 ya watu wa dunia, hutoa chini ya asilimia nne ya hewa ya kaboni inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mchango wa mfugaji wa Lokichar, ambaye hana gari wala umeme, hauwezi hata kupimwa.

Hapa ndipo mjadala wa haki ya tabianchi unapokuwa mgumu, na ni vyema kusema wazi kwamba pande zote mbili zina hoja. Serikali huuliza kwa nini Kenya iyaache mafuta yake ardhini ilhali Norway, Marekani na Saudi Arabia zinaendelea kuchimba. Wanaharakati hujibu kwamba umaskini wa Turkana haukuletwa na kukosa visima, na kwamba hakuna kisima barani Afrika ambacho kimewahi kuuondoa umaskini wa kijiji kilicho kando yake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hoja ya serikali ingekuwa na uzito zaidi kama ile asilimia tano ingekuwa na njia iliyo wazi ya kumfikia mwenye ardhi.

Jirani anayeuza ghafi na kununua petroli

Sudan Kusini ilijitenga Julai 9, 2011 ikiondoka na takriban robo tatu ya mafuta ya Sudan. Bomba la kuyapeleka baharini, hata hivyo, lilibaki mikononi mwa Khartoum. Januari 2012 Juba ilifunga visima vyake vyote kwa sababu ya mzozo wa ada za kupitisha mafuta, na Aprili majeshi ya nchi hizo mbili yakapigana Heglig. Hiyo ndiyo sababu LAPSSET ilipokewa kwa hamu kubwa hivyo Juba: bomba la Lamu lingewakomboa kutoka kwa jirani wa kaskazini.

Halikujengwa. Desemba 2013 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka, na majimbo ya Unity na Upper Nile, yenye visima, yakawa uwanja wa mapambano. Kila upande ulijua kwamba anayeshika visima anashika hazina, kwani zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya serikali hutokana na mafuta. Utafiti uliotolewa 2018 ulikadiria kwamba vita hivyo viliua karibu watu 400,000. Familia nyingi zilikimbilia Kakuma, na zilizojiweza zikakodi nyumba Kitale na Eldoret ili watoto wasome.

Jambo la ajabu ni kwamba nchi hiyo inayouza mafuta ghafi hununua nje petroli na dizeli yake, na sehemu kubwa hupitia Mombasa, bomba la KPC, kisha malori hadi Nimule. Mwaka 2021 madereva wa Kenya na Uganda waligoma kuvuka mpaka baada ya wenzao kuuawa barabarani kuelekea Juba. Aprili 2023 vita vilizuka Sudan yenyewe, na Februari 2024 moja ya mabomba makuu ya kwenda Bahari ya Shamu likapasuka katika eneo la vita, ambako mafundi hawakuweza kulifikia kwa urahisi. Desemba 2025 wapiganaji wa RSF waliteka Heglig.

Wakati huo huo, mji wa Bentiu katika jimbo la Unity umezungukwa na maji tangu mafuriko ya 2021. Nyanda zilizofurika ni zile zile zenye visima na mabwawa ya maji machafu ya mitambo, na kwa muda mrefu wakazi wamelalamika kuhusu maji ya kunywa na afya ya watoto wanaozaliwa. Watu hao wamekimbia vita vilivyogharimiwa kwa mafuta, kisha wakakimbia maji ambayo wanasayansi wanayahusisha na joto la dunia.

Njia ya Tanga

Uganda iligundua mafuta yake Bonde la Ziwa Albert mwaka 2006. Kwa miaka kadhaa ilikubalika kwamba bomba lake lingepitia Lokichar hadi Lamu. Aprili 2016 Kampala ilibadili nia na kuchagua Tanga. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni gharama ya ardhi ya Kenya na usalama: Al-Shabaab walikuwa wameishambulia Mpeketoni mwaka 2014, na kampuni ya Total haikutaka kuweka bomba katika ukanda huo. Vita vya Somalia viliamua, kwa sehemu, ni bandari gani ya Uswahilini itakayopata mafuta ya Hoima.

Bomba hilo, EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443 na hupashwa joto la nyuzi 50 kwa sababu mafuta ya Uganda ni mazito kama nta. TotalEnergies inamiliki asilimia 62. Ardhi ya zaidi ya kaya 13,000 iliguswa Uganda na Tanzania. Wanafunzi kadhaa wamekamatwa Kampala kwa kuandamana dhidi yake. Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulilaumu Septemba 2022, na Rais Museveni akajibu kwa hasira kwamba Ulaya haina mamlaka ya kuwafunza Waafrika. Alikuwa na jibu zuri mkononi: katika miezi ile ile, Ulaya iliyokosa gesi ya Urusi ilikuwa ikipita barani ikitafuta gesi ya Senegal na Msumbiji. Kesi ya mashirika ya kijamii katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha ilitupiliwa mbali Novemba 2023. Sababu haikuwa kwamba hoja zao ni dhaifu, bali kwamba waliiwasilisha wakiwa wamechelewa.

Huko Lamu mambo yalikwenda tofauti. Serikali ilitaka kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi. Muungano wa Save Lamu, wakiwemo wavuvi na wazee wa mji wa kale, ulikwenda katika Mahakama ya Mazingira, na Juni 26, 2019 leseni ikafutwa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Malindi ilikubaliana na uamuzi huo Oktoba 2025. Huo ndio ushindi mkubwa zaidi wa harakati hizi katika pwani yetu, nao ulipatikana kwa hoja ya sheria ya Kenya, bila ya mabango ya Ulaya.

Harakati hizo, ikumbukwe, haziwatetei tu wapinzani wa mafuta. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wa megawati 310, zilitolewa kinyume cha sheria. Nishati safi nayo inaweza kumnyang'anya mfugaji malisho.

Kutoka Kyiv hadi shambani Moiben

Urusi ilivamia Ukraine Februari 24, 2022. Siku hiyo lita ya petroli Nairobi ilikuwa Sh129.72. Katikati ya Oktoba 2023 ilifika Sh217.36. Si haki kuulaumu mtutu wa bunduki pekee, kwani shilingi iliporomoka, ruzuku ikaondolewa, na Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha ushuru wa VAT kwa mafuta kutoka asilimia nane hadi 16. Lakini kwa mkulima wa Moiben au Ziwa, katika Kaunti ya Uasin Gishu, vita hivyo vilimfikia kwa mlango wa pili: mbolea. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa gesi asilia, na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vyote viwili. Mfuko wa kilo 50 ulipita Sh6,000 msimu wa 2022. Wengi walipanda bila mbolea au walipunguza ekari, katika ghala la mahindi la taifa. Serikali ilishusha bei hadi Sh3,500 kwa ruzuku Septemba mwaka huo, baada ya msimu mkuu kupita.

Mafuta yenyewe yalibadilika kuwa jambo la diplomasia. Aprili 2023 Kenya ilianza kununua mafuta kwa mkopo kupitia makubaliano na kampuni za serikali za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Uganda ililalamika kwamba wauzaji wa kati wa Nairobi wanaipandishia bei, ikaishtaki Kenya Arusha, na baada ya mapatano ya 2024 ikaanza kuagiza mafuta yake yenyewe kupitia kampuni ya Vitol. Yanapita bomba lile lile.

Kuna jambo moja ambalo halitajwi sana katika mikutano ya tabianchi, nalo ni moshi wa majeshi yenyewe. Mkataba wa Kyoto wa 1997 uliacha nje sehemu kubwa ya mafuta yanayotumiwa na wanajeshi, kwa shinikizo la Marekani, na Mkataba wa Paris wa 2015 uliliacha suala la kuripoti kuwa hiari. Watafiti walikadiria mwaka 2022 kwamba majeshi ya dunia husababisha takriban asilimia 5.5 ya gesi zinazopasha dunia joto. Kama yangekuwa nchi moja, ingekuwa miongoni mwa wachafuzi wakubwa kabisa, na ingekuwa haijatia saini chochote.

West Indies ile nyingine

Jina la mtaa wa West Indies huwashangaza wageni wa Eldoret, maana bahari haiko karibu. Visiwa vyenyewe vya Karibi, hata hivyo, vimekuwa mstari wa mbele katika mjadala huu. Pamoja na visiwa vya Pasifiki, ndivyo vilivyosisitiza hadi kikomo cha nyuzi 1.5 kikaingizwa katika Mkataba wa Paris. Waziri Mkuu wa Barbados, Mia Mottley, ndiye aliyeupa nguvu wito wa kubadilisha masharti ya mikopo kwa nchi zinazopigwa na vimbunga na ukame, wito ambao Rais William Ruto aliurudia kama mwenyeji wa kongamano la tabianchi la Afrika mjini Nairobi, Septemba 2023.

Kwa ombi lililoongozwa na visiwa vya Vanuatu, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ilitoa maoni yake Julai 23, 2025. Majaji walisema kwamba nchi inayoshindwa kuilinda tabianchi dhidi ya gesi hizo, ikiwemo kwa kuchimba mafuta, kutoa leseni za utafutaji au kutoa ruzuku za mafuta, inaweza kuwa imetenda kosa la kimataifa. Maoni hayo hayamlazimu mtu yeyote moja kwa moja. Lakini mawakili wa mazingira wa Nairobi na Kampala tayari wana waraka wa kunukuu mbele ya hakimu.

Mwaka huo huo wa 2025 Tullow iliuza hisa zake za Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy kwa angalau dola milioni 120, kiasi kidogo sana ukilinganisha na fedha zilizozikwa Lokichar tangu 2012. Lengo lililotangazwa na mwenye mradi mpya na serikali lilikuwa mafuta yaanze kutoka mwishoni mwa 2026. Bomba la zaidi ya kilomita 800 kutoka Lokichar hadi Lamu lingali kwenye karatasi, na barabara iliyopo ni ile ile ya Kapenguria, Kitale na Eldoret.